Bakuli Tuliloliziba kwa Saruji

Sikulazimishi uamini. Bakuli lenyewe lipo hapa Grand Prairie, huku ughaibuni. Ukija utaligusa kwa mkono wako, uhukumu mwenyewe.

Kanisa letu sisi Waprotestanti tulilinunua kwa Wakatoliki. Lilijengwa hapa pakiwa bado kijiji, na wajenzi walifuata mtindo wa kale wa Ulaya: madirisha madogo, matao ya nusu duara. Tao la namna hiyo halishikwi na chuma. Mawe huegemeana, na uzito wote hushukia ukutani, ndiyo maana kuta ni nene. Tuliondoa sanamu, na lile bakuli la jiwe la maji ya baraka, pale mlangoni, tukalijaza saruji.

Basi mama mkwe wangu, Mrundi na Mkatoliki, akakataa kuja kwenye ubatizo wa binti yetu. "Mkwe, mumeziba maji, mumenizibia na mlango." Mke wangu alilia wiki nzima. Ambatize mtoto bila bibi yake kuwapo?

Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo, nilikuwa peke yangu nikipanga viti, jua likielekea kuzama. Akaingia bibi mmoja wa Kizungu, kajitanda kitambaa cheusi.

"Shikamoo," nikasema kwa mazoea.

"Marahaba, mwanangu."

Niamini, wala sikushtuka. Nikaanza kumweleza matao, kama ninavyowaeleza wageni wote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeeleza vizuri. Na maji mmeyapeleka wapi?"

Nikamwonyesha. Hakukasirika. Alichovya vidole ndani ya saruji, kama mtu achovyaye majini, akafanya ishara ya msalaba, na matone yakamtiririka usoni. Akatoka. Nilipomfuata, kwenye maegesho palikuwa na gari langu tu. Na huku kwetu nani hutembea kwa miguu? Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bibi wa Kizungu alikuwa ameniitikia kwa Kiswahili.

Nilimpigia simu mama mkwe, nikamsimulia yote. Hakucheka.

"Nitafika mlangoni tu," akasema.

Asubuhi alifika, akagusa saruji. Vidole vikalowa. Akajifanyia ishara ya msalaba, akaingia, akambeba mjukuu wake hadi mbele.

Fundi bomba ametafuta. Hakuna bomba ukutani humo. Saruji haijakauka hadi leo, na wazee wa kanisa hupita pale wakitazama pembeni. Nawe ukipata nyumba walimosali wengine, usiogope, ingia. Ila kabla hujaziba kitu, waulize waliokuwa wakikigusa. Huenda bado wanakuja.