Sangala Mlinzi

Msinicheke sana. Kezia, mtoto wa wageni wetu waliokimbia vita Burundi, alikuwa hajacheka tangu wafike kwetu Ujiji. Nikaapa kumchekesha kwa samaki wa kufuga. Kaka yake, Ndayi, alitengeneza chujio la mchanga na mkaa, maji ya tangi la kioo yakang'aa. Kazi ya kuchagua samaki nikajipa mwenyewe, mtaalamu ninayewajua wakiwa sufuriani tu. Nikatia wadogo wa rangirangi, pamoja na mtoto wa sangala, yule samaki mkubwa wa ziwani, eti awe mlinzi wao.

Kesho yake nikaita nyumba nzima, nikafunua kanga niliyofunikia tangi kwa madaha. Sangala alikuwa peke yake, mkia wa mwenzake ukining'inia mdomoni.

"Mtaalamu, wengine wako wapi?" Mama akauliza.

Kezia akatazama tumbo la sangala lililotuna, kisha kitambi changu.

"Kaka, mmefanana!"

Akacheka mpaka akakaa chini.