Nilienda Ntimaru kuchukua maziwa ya research, mama mkwe akanipikia chai

Wakuu, salamu. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chekeni tu, bibi yangu ameshacheka mpaka akachoka.

Mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, nafanya masters. Cells za mwili hutoa vifuko vidogo sana vya kutumiana mizigo, na maziwa ya ng'ombe yamejaa hivyo vifuko. Tunajaribu kuvipakia dawa ya kuzima gene mbaya, kwa sababu dawa hiyo ikienda peke yake mwili unaivunjavunja kabla ifike.

Bado ni mambo ya lab, msije inbox kuuliza bei.

Sasa, lazima maziwa yawe mabichi. Wakwe zangu wa Ntimaru wako na ng'ombe safi. Lab ilinipa mashine ya kutenganisha hivyo vifuko Jumatatu jioni pekee, nikikosa nangoja semester nzima.

Jumapili nikafika na cooler box. Lakini mnajua mtu haongei na mama mkwe ovyo. Nikamtuma shemeji: "Mwambie mama naomba maziwa ya lab." Kusema mabichi nikasahau, yawa!

Mama akaona ni aibu kumpa mkwe maziwa hivi hivi. Akachemsha yote, akatia majani na sukari. Thermos mbili! Moja yangu, moja ya walimu wangu wa lab.

Nikanywa vikombe vitatu vya research yangu nikitabasamu kama mjinga. Bibi yangu kwa simu: "Gene unanyamazisha, kuongea na mamangu ndio imekushinda?"

Nikaenda nje ya jikoni, nikageuka nikaangalia zizi ili tusitazamane. "Mama, nisamehe. Nilitaka mabichi. Ni ya kutafuta dawa."

Nikasikia ameacha kuosha vikombe. Nikajua nimeharibu.

"Dawa ya nini?"

"Cancer ya koo, mama. Lakini bado sana."

Hiyo ndiyo ilimchukua baba mkwe. Nilikuwa nimeogopa hata kuitaja mbele ya mama.

Asubuhi mama alikamua mwenyewe, akampita shemeji, akaniwekea mkebe mkononi. Mara ya kwanza anipe kitu mwenyewe tangu nioe.

"Kimbia," akasema. "Na haya usikunywe njiani."

Nilifikia mashine kwa wakati. Njiani nililia kidogo, sitaficha.

Nimejifunza kuwa mimi nilikuwa naita woga heshima. Nyinyi mlianza kuongea na wakwe zenu aje? Semeni ukweli, humu hatujuani.