Nimerudisha modem ya kukodi, nimenunua yangu, na Ijumaa saa nane ikazima vilevile

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa visiwani na wa bara.

Kwa muda wa mwaka mzima mie nliamini, tena kwa moyo safi, kwamba kampuni ya mtandao inazilaza modem zake za kukodi kila Ijumaa saa nane mchana.

Zinalazwa. Kama watoto wa chekechea.

Maelezo niliyopewa ni kwamba baada ya sala ya Ijumaa nusu ya Unguja inapiga video call kwa jamaa zake Muscat. Sasa ili mahoteli yasikose mtandao, kuna bwana ofisini anabonyeza kitufe kimoja tu, na mashine zote za kukodi zinafumba macho. Mwenye mashine yake mwenyewe haguswi, kwa sababu kitufe hakimjui.

Aliyenambia ni Haji, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunasoma pamoja masomo ya jioni. Anakaa Michenzani, anauza makava ya simu Darajani. Haji ana binamu yake anayefagia ofisi ya kampuni hiyo. Mtu anafagia chumba chenye kitufe, wewe utambishia nini?

Ntakayoyasema hapa ni kweli. Mnaonijua mnajua natia chumvi, sikatai. Lakini chumvi hutiwa kwenye samaki, na samaki huyu yupo.

Tunakaa Mji Mkongwe, mie na bimkubwa wangu, mama aliyenizaa, ghorofa ya pili, nyumba ya urithi. Kuta zake nene hata jirani akipiga chafya leo sisi tunaisikia kesho. Waya wa mtandao unaingilia dirishani sebuleni, na modem na router, vyote viwili ndani ya kisanduku kimoja, vikawekwa kwenye kidaka.

Kwa msiokijua, kidaka ni lile tundu refu la ukutani lenye rafu katikati, kama kabati lisilo mlango. Fundi wa kwanza aliiweka mashine juu ya rafu kwa sababu ndipo waya ulipoishia. Akasainisha karatasi, akaenda zake.

Bimkubwa akaivika kitambaa.

Hiyo kwetu ni kawaida. Kila kitu cha umeme nyumbani kina nguo. Redio ina nguo, TV ina nguo, feni miezi ya baridi linavaa kunishinda mie. Modem ikafumiwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikakaa pale kama bibi harusi anangoja kutazamwa.

Siku sita za wiki mtandao ulikuwa hauna neno.

Ijumaa saa nane, kimya.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilinichosha mpaka mifupa.

Bimkubwa ana dada yake mmoja tu, mama mkubwa Shemsa, yuko Muscat tangu mie sijazaliwa. Macho yake yanazimika. Madaktari wa kule wamemwambia wazi kwamba yakienda hayarudi, wanachoweza ni kuyachelewesha. Mwanzo alikuwa anamwona bimkubwa vizuri kwenye simu. Baadaye akawa anamwambia, "Mwanaidi, sogea kwenye mwanga." Baadaye tena, "Sogea zaidi."

Yeye simu hawezi kuishika mwenyewe, anashikiwa na binti yake, na binti yake siku ya kukaa nyumbani ni Ijumaa. Kwa hivyo ni Ijumaa, saa nane zetu, basi.

Mtandao ukikatika kwenu mnakosa mpira. Ukikatika kwetu ilikuwa imepotea Ijumaa moja katika zile alizobakiwa nazo za kumwona mdogo wake, na hakuna aliyejua zimebaki ngapi.

Msiniambie habari za bando la simu. Tulijaribu. Katika nyumba ile bando linafika mlangoni, linavua viatu, haliingii. Juu darini linashika, lakini magoti ya bimkubwa hayapandi dari tena.

Na Ijumaa bimkubwa hujitayarisha tangu asubuhi. Anaoga, anavaa kanga iliyo bora kuliko zote, anapaka wanja, na mwisho, saa nane ikikaribia, anafukiza udi nyumba nzima.

"Nna mgeni leo," husema.

Nikamwambia siku moja, "Mama, harufu haipiti kwenye simu."

Akanitazama kama nimetukana. "Ya kwako haipiti. Yangu dada yangu ataisikia."

Saa nane simu inaita. Picha inakuja, mama mkubwa anasogeza uso karibu hata tunaona pua tupu.

"Dada, waniona?"

"Nakuona, Mwanaidi. Leo umevaa rangi ya..."

Hapo. Inakwama hapo hapo, mdomo wazi. Mie nakimbilia kwenye kidaka, taa zote zimezima, nachomoa, nachomeka, napuliza, nasoma dua. Baada ya saa moja hivi inaamka yenyewe kama haijafanya kitu, lakini Muscat binti kashatoka na shughuli zake.

Bimkubwa halalamiki. Anavua hereni, anaziweka kwenye kijaluba chake. Bora angelalamika, wakuu.

Customer care niliwapigia mpaka muziki wao wa kusubiri nikaujua kuuimba. Kila wakipima, laini nzima. Bila shaka ni nzima, nikasema moyoni, si mnaipima Jumatatu!

Basi nikaamua. Narudisha mashine ya kukodi, nanunua yangu.

Haji akanipongeza kama nimepata mtoto.

Nikanunua modem mpya yenye router ndani yake, antena nne, ukiiona unadhani inaweza kuongea na mwezi. Siku ya Jumamosi nikachomoa ya zamani, nikachomeka mpya. Taa zikawaka zote. Mtandao hamna.

Siku mbili hamna. Nkabadilisha jina la wifi, nkabadilisha password, nkaifanyia reset mpaka kidole kikaota sugu. Kumbe mashine yako mwenyewe lazima kwanza waisajili kwao, wanataka namba iliyoandikwa chini yake. Hilo kwenye boksi halikuandikwa. Nikawapigia, dada mmoja akanambia nimsomee namba, nikamsomea. Tunangoja, hamna. Nikasoma tena. Hamna. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hiyo unayoisoma si tarehe ya kutengenezwa?"

Ndiyo ilikuwa.

Nikaisoma iliyo sahihi, dakika tano, mtandao huo. Unakimbia kama umeiba.

Kurudisha ya zamani nako ni safari yake. Ofisi yao ya kupokea mashine iko Kiembe Samaki. Nikaenda, nikapanga foleni, nikafika mbele, bwana akaufungua mfuko akaniuliza waya wake wa umeme. Nikampa. Akaugeuza. "Huu wa redio huu." Kweli, ulikuwa wa redio. Nikarudi mjini, nikarudi tena Kiembe Samaki, foleni upya. Safari hii akapokea, akanipa risiti, nikaikunja nikaitia ndani ya msahafu ili isipotee.

Nikarudi nyumbani mtu huru. Bimkubwa alikuwa kashaivisha ile mpya kitambaa cha marehemu, yaani ile ya kukodi, na antena amezitobolea matundu manne kwa ustadi mkubwa.

Ijumaa ikafika.

Nikatoka msikitini mbio, nikakuta bimkubwa kakaa kitini, kanga ya manjano, wanja, nyumba inanukia mpaka ngazini. Simu ikaita.

"Dada, waniona?"

"Nakuona, subiri kwanza, umevaa..."

Ikakwama.

Wakuu, mie nimefiwa, nimefeli hesabu mara mbili, nimewahi kusahauliwa Pemba na watu wa harusi niliyokwenda kuisimamia. Sijawahi kuchoka kama dakika ile. Niliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, nikazitazama zile antena nne zimesimama kwenye maua yake, zimekufa.

Na mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri wameshanijua. Yule bwana wa kitufe kapata jina langu Kiembe Samaki.

Haji akathibitisha. "Si umewapa namba ya mashine mwenyewe?"

Mashaallah, mie mtu na cheti changu cha shule, nikakubali.

Ila safari hii hasira zilinisaidia. Nikawapigia kampuni, nikasema sitaki kupimwa kwa simu, namtaka fundi, na namtaka Ijumaa saa saba na nusu, akae sebuleni kwangu aone kwa macho yake wanavyonifanyia. Nilitaka kumfumania yule bwana wa kitufe.

Akaja fundi mwanamke, Rahma, mtu wa Mtoni, kavaa buibui na begi la vifaa mgongoni.

"Shikamoo bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kunywa maji ya ukwaju kwanza, umepanda ngazi."

Akapima waya, sawa. Akapima mtandao, sawa. Akakaa na glasi yake, tunangoja saa nane kama watu wanaosubiri kuandama kwa mwezi.

Bimkubwa akaingia na chetezo, makaa yamekolea, udi unafuka. Akazunguka nacho chumba kwa chumba, akafukiza mapazia, akafukiza mito, akamfukiza na Rahma. Alipomaliza akakiweka mahali pake.

Kwenye kidaka. Chini ya rafu.

Rahma akaweka glasi chini. Akaenda, akatia mkono juu ya rafu, akautoa upesi kama kaumwa.

"Bi, chetezo hiki hukaa hapa siku zote?"

"Tangu mama yangu yu hai. Ndipo mahali pake."

"Kila siku?"

"Ijumaa tu, mwanangu. Siku nyengine nimfukizie nani?"

Rahma akanigeukia. Mie nikatazama ukutani, ambako cheti changu cha kidato cha nne kimetundikwa kwa fremu. Fizikia nimefaulu. Swali la joto kupanda juu nililijibu vizuri, na mchoro nilichora.

Nilikuwa nakiona chetezo kile kila Ijumaa ya maisha yangu. Ndiyo sababu sikukiona.

Akaihamisha mashine juu ya kabati la vyombo, upande wa pili, akaivua kitambaa. Bimkubwa hakufurahi. "Itakaa uchi hivyo, mbele ya wageni?"

"Bi, hii inapumulia mgongoni. Ukiifunika inakosa pumzi."

Bimkubwa akafikiri. "Basi muache apumue, maskini."

Saa nane ikafika, fundi kashateremka, simu ikaita. Picha ikaja. Nikasimama karibu na kabati kama askari wa zamu, jicho kwenye taa. Dakika moja. Tano. Ishirini. Nyumba imejaa moshi wa udi na taa zote zinawaka.

Siku ile bimkubwa alivaa kanga ya kijani, kijani cha majani mabichi, kapewa na dada yake mwenyewe zamani.

Mama mkubwa akasogeza uso, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Nakuona, Mwanaidi. Umevaa ile ya buluu."

Bimkubwa akanitupia jicho, nisiseme.

"Naam, dada. Ya buluu."

Wakazungumza mpaka alasiri. Ilipokwisha, bimkubwa akakaa na simu mapajani. "Umesikia?" akanambia. "Kaniona." Nikamwambia nimesikia.

Hapo ndipo tulipo, wakuu. Mashine haijazima tena hata Ijumaa moja. Zile zilizopotea sizihesabu, nshachoka.

Somo nililolipata: mashine yako mwenyewe ni nzuri, ada ya kukodi imeondoka, sijutii. Ila kwanza wasomee namba iliyo sahihi waisajili, rudisha ya kwao na waya wake, na risiti uitunze. Na kabla ya yote hayo, siku inapozima, iguse kwa mkono. Mkono tu. Mwaka mzima nimetafuta adui ofisini kwa watu, na sikunyoosha mkono kwenye rafu ya nyumbani kwangu.

Anayetaka kunicheka ruhusa, lakini acheke kwa kuandika hapa chini na yeye aliamini kituko gani, nisibaki peke yangu. Na mwenye ujuzi wa kukuza maandishi na mwanga kwenye video call kwa mtu asiyeona vizuri, nakuomba kwa heshima zote uandike. Hilo ndilo nnalolitaka zaidi.

Nimesahau kitu. Rahma alipokuwa anateremka nilimfuata mpaka ngazini, nikamuuliza kwa sauti ya chini, bimkubwa asisikie, habari za yule bwana na kitufe cha Ijumaa.

Akasimama, akarekebisha begi lake, wala hakucheka.

"Kaka, kitufe hakuna. Ile mliyorudisha ilikuwa nzima, na hii nzima. Mlikuwa mnaziweka juu ya moto."