Kisahani cha Tatu

Wanangu, mmenitia kalamu mkononi kwa nguvu. Nimesoma madarasa mawili tu, na la pili sikulimaliza, halafu mnataka niandike habari za mdogo wangu kama karani. Haya. Nikikosea herufi, mtanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa mpiga video za harusi. Watu walimwita Subirikidogo, maana bibi harusi yuko tayari kuingia, yeye bado anafuta kioo cha kamera mlangoni: "Subiri kidogo, shemeji." Kamera yenyewe mama aliipata kwa kuibadilisha na cherehani niliyoahidiwa mimi. Tangu siku hiyo sikusema na mama. Miaka sita. Salamu nilituma kwa watoto.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jiko langu: kompyuta mbili, feni moja, na visahani vya dividii vimepangwa mpaka dirishani. Kazi ikiisha anaichoma kwenye visahani. Ndivyo wanavyosema wenyewe.

"Unachoma nini bila moshi?" nilimtania.

"Dada, kompyuta hizi hufa kama watu. Kisahani ukikiweka pakavu, kinadumu."

Mama alipoanza kudhoofika, mdogo wangu akamrekodi mle chumbani mwa kazi siku tatu mfululizo, akisimulia maisha yake yote. Mimi sikukanyaga mle ndani. Video ikawa kubwa mno, haikuenea kwenye kisahani kimoja, ikabidi aikate vipande sita. Akaniletea jikoni visahani sita ndani ya boksi.

"Hiki ni kitu kimoja, dada. Kikikosekana kimoja, vingine havifunguki. Na mama amekutaja mwishoni."

"Amesema nini?"

"Utamsikia mwenyewe. Njoo tuangalie."

"Siku yangu ikifika nitaangalia."

Mama akafariki. Siku yangu haikufika. Mwaka uliofuata moyo wa mdogo wangu ukasimama katikati ya harusi ya watu, kamera ikiwa begani. Msimu huohuo paa la chumba chake likavuja, kompyuta zote mbili zikanywa maji. Likabaki lile boksi.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikasafisha. Nilifua mashati yake, nikafuta kamera, nikatoa visahani nikavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa. Cha tatu kilikuwa na doa la gundi, halitoki. Mimi na doa tunajuana. Nikachukua sabuni na waya wa kusugulia sufuria, nikakisugua mpaka gundi ikasalimu amri. Nikajisifu.

Siku moja binti yake akaja na kompyuta yake. Cha kwanza kikasoma. Cha pili kikasoma. Cha tatu mashine ikakoroma, ikakitema, na bila hicho video nzima haikufunguka. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Shangazi, nani amekikwangua hivi?"

"Panya."

"Panya gani huyo anakwangua kwa kuzungusha, shangazi?"

Nikamwambia aende akale. Hakwenda. Alikaa na vile vitano mapajani, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikajifanya nachambua maharage ambayo nilishayachambua asubuhi.

Ndiyo, ni mimi. Hata yeye sijawahi kumwambia kwa mdomo wangu.

Sasa binti anasema baba yake alikuwa akichoma kila kitu mara mbili, na nakala za pili aliwapa wateja wenye nyumba zisizovuja wamtunzie. Aliwapa akina nani, hakuandika popote. Basi wewe unayesoma, kama mdogo wangu alikupigia harusi yako, au ya mwanao, weka karatasi hii chini sasa hivi. Fungua kabati. Toa visahani vyote, tafuta kilichoandikwa "Mama, 3" kwa kalamu nyekundu. Ukikipata, usikipanguse hata kwa shati. Kilete kama kilivyo, na usichelewe. Nina miaka themanini na miwili, na bado sijui mama alinisemaje.