Kilio Kisichosikika

Mtoto wa madam aliletwa nyumbani Al-Hamra, mtaa wa Jeddah, akiwa na miezi mitatu, na nyumba nzima ikanyamaza kama yenye matanga. Alizaliwa na kasoro nyingi kwa pamoja: taya dogo, kaakaa limepasuka, vidole vya mkono mmoja vimeshikana, moyo una tundu. Madaktari walimtoboa koo wakamtia kijibomba cha kupumulia. Hewa ilipita hapo, kwa hiyo sauti haikutoka.

Mama yake hakuweza kumtazama. Hospitali ilipotaka mtu wa nyumbani afundishwe kumhudumia, nikapelekwa mimi, Mkenya niliyekuja kupika na kufagia. Aliyenifundisha alikuwa muuguzi mtu mzima, mzaliwa wa Jeddah, wazazi wake wa Unguja. Alinionyesha namna ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya kijibomba na kuvuta makohozi kwa mashine kabla hayajaziba.

"Huyu halii kwa sauti, mwanangu, hulia kwa uso," akaniambia. "Usimpe kisogo."

Niliguna moyoni. Mimi niliyelea wadogo zangu watano, leo nifundishwe kutazama mtoto! Nilikuwa na kiburi, sikatai.

Siku chache tu, mambo yakaanza kunitisha. Nakata vitunguu, nasikia mtoto analia, kilio chembamba, cha kweli kabisa. Nakimbia, namkuta amelala fofofo. Siku nyingine kimya kimetanda, naingia kuchukua shuka, namkuta kinywa wazi, machozi yamemjaa masikioni, na kimya ni kile kile. Nikaacha kuyaamini masikio yangu. Kile chumba nilikiogopa, na mtoto nilimwonea huruma, yote mawili kwa pamoja.

Ijumaa moja mchana wageni walijaa sebuleni. Wao walikuwa wameambiwa mtoto bado yuko hospitali.

"Yalla, kahawa! Yalla!" madam akanihimiza.

Mtoto alikuwa anahangaika chumbani, nami siwezi kuwa kwake na jikoni. Nikafanya vile ningefanya kwetu: nikachukua leso, nikambeba mgongoni, nikaenda naye jikoni, mashine nikaiweka mezani. Akatulia. Joto lake lilinituliza hata mimi, nikaendelea na kazi huku namwimbia, nimefurahi kwamba hatimaye nimeijua dawa yake. Baadaye akaanza kunipiga mateke. Nikadhani anacheza.

Madam akaja kuulizia kahawa. Nilikuwa nimeelekea jiko, sikumwona akiingia. Nilichosikia ni ukelele, na sebuleni mazungumzo yakakatika. Alikuwa ameushika ukuta, anamwangalia mtoto, na mtoto anamwangalia yeye, kinywa wazi, midomo imegeuka buluu.

Nikafungua leso, nikamlaza mezani. Mara mbili mrija ulikosa tundu la kijibomba. Mashine ikanguruma, ute mzito ukatoka, kifua kikapanda. Sijawahi kuogopa namna ile, na namwomba Mungu nisiogope hivyo tena.

Rangi ilipomrudia, madam alimnyanyua, akamkumbatia mbele ya wageni waliokuwa wamejazana mlangoni. Tangu nianze kumlea sikuwa nimemwona akimshika. Nikangoja matusi. Hakunitukana. Aliniuliza polepole, macho yake yako kwa mtoto:

"Alikuwa analia tangu saa ngapi?"

Nikamwambia sijui.