Magazeti Kifuani

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulipanga chumba mjini, mtaa wa Majengo, na mwisho wa juma nilipanda mlimani kwa wakwe zangu kuwasaidia kazi. Baba mkwe alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, mkimya. Nje ya kihamba chake, shamba la kahawa na migomba lililozunguka nyumba, alipenda mambo mawili tu: kuimba besi kwenye kwaya ya parokia, na kuwinda kanga kule tambarare kwa bunduki yake ya kibali. Mama mkwe alikuwa hajawahi kukanyaga porini hata mara moja. Yeye alikuwa mfungashaji wa mizigo ya mumewe ya kuwinda.

Na alijua kufungasha! Alijaza majani makavu ya migomba ndani ya gunia, akalishona mdomo, likawa godoro la kukalia. Alikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vipande, kwa sababu tyubu huwaka hata kuni zikiwa zimelowa. Vichwa vya njiti za kiberiti alivichovya kwenye nta ya mshumaa. Kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo alikifunga juu ya buti, kupe na siafu wasipande. Mifuko ya plastiki ilipoanza kuzagaa mjini, wakati maduka yalipojaa bidhaa tena baada ya miaka ya foleni, wenzake waliitupa. Yeye aliifua na kuianika kambani pamoja na mashati.

Siku moja nilimkuta anakunja magazeti ya zamani.

"Haya ya nini, mama?"

"Ya kuvaa."

Nikadhani ananitania. Hakucheka.

Kisha macho ya baba yakaanza kufifia. Mwenzake wa kuwinda alikuwa amehamia kwa mwanawe Arusha, na watoto wa baba wakasema wazi: bunduki irudishwe polisi. Baba hakubishana nao. Aliomba kitu kimoja, aende mara ya mwisho.

"Na nani?" mama akauliza.

Baba akaendelea kufuta bunduki.

"Basi nitakwenda mimi. Na huyu binti yetu atakuja, anibebee kikapu."

Jirani mwenye pikapu alitushusha asubuhi, akaahidi kutufuata jioni pale pale barabarani. Tukavuka korongo kavu tukaingia kwenye vichaka vya migunga. Mama alitembea mbele amejifunga kitenge, buti za mpira za mume wangu zikimpwaya. Kila mara alisimama, akamshika baba bega na kumgeuza taratibu.

"Hapo. Chini ya mti uliolala. Kama hatua ishirini."

"Wangapi?"

"Wengi. Piga huyo wa pembeni, anayetuangalia vibaya."

Baba alipiga. Kanga wakaruka kwa makelele yao, mmoja akabaki. Mama alipiga kigelegele peke yake katikati ya pori, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno yaonekane, alicheka mpaka akaegemea bunduki.

Mvua ilitukuta mchana, tukiwa tumeshaanza kurudi. Haikuwa mvua ya kusubiri chini ya mti, ilimwagika. Tulipofika korongoni, pale tulipokuwa tumevuka kwa miguu mikavu palikuwa na maji mekundu yanayokwenda kasi na magogo ndani yake. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Tulikimbilia chini ya mwamba uliojitokeza kama baraza, sote tumelowa chapachapa.

Mimi na mama tulikuwa tunatetemeka. Baba ndiye aliyenitisha. Alianza kutetemeka kama sisi, kisha akatulia, midomo ikiwa na rangi ya majivu, na alipotaka kusema kitu ulimi ukawa mzito.

"Mvue shati," mama akaniambia.

Nikasita. Kumvua mkwe shati!

"Mvue, mwanangu. Mkwe aliyekufa hana haya."

Tukamvua. Mama akatoa magazeti, yaliyokuwa makavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akamzungushia kifuani na mgongoni. Mfuko mkubwa akautoboa matundu matatu, ya kichwa na mikono, akamvisha juu yake. Miguu akaifuta, akaivika soksi kavu. Mimi nilikusanya kuni chini ya mwamba, nusu zimelowa, nikachomeka kipande cha tyubu katikati. Njiti ya kwanza ilishika. Tyubu ikatoa moshi mweusi na harufu mbaya, na sijawahi kufurahia harufu kama ile.

"Mawe," mama akasema. "Ya hapa juu, si ya korongoni. Ya majini hupasuka."

Tukayapasha moto, tukayafunga kwenye vitambaa, mama akamwekea mumewe kwapani na kwenye nyayo. Akamkalisha juu ya gunia la majani ya migomba, akakaa nyuma yake na kumkumbatia, huku akimnywesha kahawa yenye tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai, funda kwa funda.

Taratibu baba alianza kutetemeka tena, kisha rangi ikamrudia. Alijipapasa kifuani, magazeti yakalia.

"Kumbe yanafanya kazi," akasema.

Mama alimtazama kwa pembeni. "Ina maana hukuwahi kuyavaa? Miaka yote hii?"

Baba akatazama moto. "Niliyatumia kuwashia moto. Niliona haya mbele ya wenzangu, kuvaa gazeti kama kifurushi cha nyama."

Nilingoja mama akasirike. Alimvuta mfuko vizuri mabegani, akasema bila kuinua sauti, "Mimi niliyajaribu yote. Kabla sijakupa."

"Uliyajaribu wapi?"

"Kwenye kihamba. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka, wewe ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikaa nje kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, leo na gazeti, kesho bila gazeti, nione siku ipi ina baridi zaidi. Siafu nao, nilisimama juu yao nimevaa buti zako."

Baba aligeuka akamtazama. Sijui aliona nini kwa macho yale, lakini alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauchukua mkono wa mama, akauingiza chini ya ule mfuko wa plastiki, kifuani kwake, palipokuwa na joto.

"Pasha mkono," akasema. "Umepoa sana, mama."

Niligeuka nikajifanya napanga kuni.

Jioni maji yalipungua. Tulivuka tumeshikana mikono, maji yakitufika magotini, na jirani alikuwa ng'ambo akituita kwa honi.

Nyumbani nilimwashia mama moto jikoni ili aandae yule kanga. Kwetu wanaume hawaingii jikoni, na wazee wa umri wake ndio kabisa. Baba aliingia akiwa bado na magazeti mwilini, yakilia kila alipoinama. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe, akaanza kunyonyoa.

"Taratibu, baba," mama akamwambia. "Unararua ngozi."

"Nionyeshe basi," akasema.

Mama akamshika vidole na kumwonyesha.