Nyigu wa Jikoni kwa Mama

Nta ikichemka ina harufu inayong'ang'ania nywele. Unaweza kuoga kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikauma, lakini ukijilaza usiku unaisikia ipo, imeshakutangulia kwenye shuka. Kijijini kwetu, ukitoka Ipole unaingia ndani porini, harufu hiyo ndiyo ilikuwa inatuambia kwamba kiangazi kimeshika kweli. Miti imepukutisha majani, kisima kimeshuka mpaka ndoo inagonga matope, na mama yuko nyuma ya jiko anakoroga masega kwenye sufuria kubwa, jicho moja kalifumba kwa sababu ya moshi. Baba alikuwa mrina asali. Alikuwa anakaa kambini porini wiki nyingi, anarudi na ndoo zake za asali, analala siku chache, anaondoka tena. Wenzangu shuleni walinionea wivu, eti kwetu tunakula asali kama ugali. Ni kweli tulikula. Fuata nyuki ule asali, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba ukishakuwa na asali nyumbani kuna wengine watakufuata wewe. Sisi tulifuatwa na nyigu.

Walikuwa wale wembamba, wa kahawia, wenye kiuno kama uzi, ambao wakiruka miguu inaning'inia nyuma kama imesahauliwa. Walijenga chini ya paa la nyasi la jiko la mama, pale juu kwenye mti wa katikati, kiota cha rangi ya majivu. Mwanzoni hakuna aliyejali. Mama alikuwa anapika chini yao, wao wanapanda wanashuka, kila mtu na shughuli zake. "Hawa tumeshazoeana," alikuwa anasema. Mimi nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu Masanja alikuwa bado hajaanza hata shule ya awali. Siku moja Masanja alikwenda kulamba beseni la machicha ya masega, nyigu akamuuma shingoni. Mtoto kuumwa na nyigu si habari. Unasugua kitunguu, unalia, unarudi kucheza. Lakini Masanja hakurudi kucheza. Midomo ilivimba, macho yakazibika, mwili mzima ukatoka mabaka, halafu kifua kikaanza kutoa sauti ya filimbi. Mama alimfunga mgongoni na kukimbia. Alikimbia ile njia ya zamani ya wapagazi, mimi nyuma yake na viatu mkononi, mpaka tukapata mtu wa baiskeli akatufikisha zahanati. Alipochomwa sindano na kupumua vizuri, daktari alimgeukia mama. "Mama, mwili wa huyu mtoto haupatani kabisa na sumu hii. Akiumwa tena, usipake kitunguu, usimkande, usingoje. Mlete. Na ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko hii." Mama aliitikia "haya," akaufunga upya mkaja wa kanga.

Kuanzia hapo tuliishi kama watu waliozingirwa. Mama alihamisha sufuria ya nta mbali, karibu na shamba. Alifunika pipa la maji kwa gunia lenye maji na akaweka beseni jingine chini ya kichaka, ili nyigu wakanywe huko, maana kiangazi hata wao wana kiu. Masanja akafungiwa ndani, na mimi, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, nikawa mlinzi wake. Sijui kama umewahi kukaa ndani ya nyumba ya bati saa nane mchana mwezi wa tisa. Ile si nyumba, ni bani la kukaushia tumbaku, na sisi ndio majani yenyewe. Jasho linatiririka, bati linalia kwa joto, na mtoto hataki kulala, hataki hadithi, anataka nje. Nikisikia tu zzz dirishani namvuta nyuma yangu.

"Dada, nyigu kalala?"

"Hajalala."

"Atalala lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Sasa mvua si iamke!"

Watu wanasema subira yavuta heri. Mimi nakataa. Subira ni nzuri kwa mtu anayengoja kitu kije. Anayengoja kitu kisije, subira inamla tu taratibu. Kila siku ilikuwa ileile: amka, kagua shuka, kung'uta nguo zake kabla ya kumvalisha, angalia ndani ya kikombe kabla hajanywa. Mama alikuwa anapika akiangalia juu. Ugali ukaanza kuungua, yeye ambaye kijiji kizima walikuwa wanajua ugali wake.

Utauliza kwa nini hatukuchoma kile kiota. Paa la nyasi, kiangazi, na upepo ule? Ungechoma nyigu na jiko na jirani. Dawa ya kupulizia tumbaku ilikuwepo, ila mama alisema hainyunyizwi sumu juu ya chungu kinachomlisha mwanawe. Kubomoa jiko? Moto wa porini ulikuwa umeshakula nyasi zote, ukilivua paa huna za kuliezekea mpaka baada ya mvua. Tena jiko lilijengwa na baba, huwezi kulivunja mwenyewe hayupo. Kwa hiyo tukamngoja mwenyewe.

Baba aliporudi, habari zilikuwa zimeshamfikia njiani. Aliyemfikishia ni Jumanne, jirani yetu mwenye pikipiki, kijana ambaye hajui kufunga mdomo. Alikuja naye mpaka uani ili tu asikose kucheka. "Jamani, mrina asali mzima, mizinga yake imejaa pori zima, anafukuzwa jikoni kwake na nyigu! Mzee, nikuletee mtaalamu kutoka mjini?" Baba alicheka kidogo, cheko la mdomoni. Alimbeba Masanja, akamgeuza shingo, akaangalia lile kovu dogo muda mrefu. Halafu akasimama chini ya paa la jiko akatazama juu kwa macho yake ya kazi.

"Kazi ndogo," alisema. "Kesho alfajiri, bado wana baridi. Nitawafukiza."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Kwa moshi?"

"Kwa moshi. Mnyama mwenye mwiba anatulizwa kwa moshi. Nimeanza kazi hii kabla sijakuoa."

"Baba Nyamizi, mimi napika hapa asubuhi na jioni, kwa kuni mbichi na kavu. Hao wamezaliwa ndani ya moshi wangu. Wangekuwa wanauogopa si wangeshahama?"

"Moshi wa jikoni si moshi wa nyuki."

"Na nyigu si nyuki."

Jumanne akapiga mluzi. Baba akamwangalia mara moja tu, naye akakumbuka kuna abiria anamsubiri mahali. Mimi nilikuwa upande wa baba, nasema ukweli. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani, nilitaka mtu afanye kitu, chochote, leo. Na baba nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiingiza mkono mtupu ndani ya mzinga wa gome na nyuki wakimtembelea kama nzi. Kitu ambacho sikukijua, na nadhani hata yeye alikisahau kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea, ni kwamba nyuki akisikia moshi anakimbilia asali yake, anajaza tumbo, na aliyeshiba hana haraka ya kugombana. Nyigu hana asali. Ukimfukiza, hana cha kukimbilia. Anakuja kwako.

Alfajiri mama alimweka Masanja kitandani ndani ya chandarua, na mimi nikaingizwa humohumo. Akachomeka pindo zote chini ya godoro. Akaziba chini ya mlango kwa gunia. "Nyamizi, mayo, mama wangu, usifungue hata ukisikia ni mimi ninayeita," aliniambia. Nyumba yetu haikuwa na dari, kati ya ukuta na bati kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na alijaribu kuiziba kwa nguo, nguo zikaisha nafasi bado ipo. Nikasikia baba nje anapuliza mwenge wake wa magome, ile fuu, fuu ya taratibu ambayo siku nyingine ilikuwa inanipa usingizi. Kukawa kimya. Halafu baba akapiga kelele. Sijawahi kumsikia baba akipiga kelele kabla ya siku ile, na sikuitambua sauti, nilidhani ni mtu mwingine.

Nyigu waliingia kupitia ile nafasi ya juu. Wa kwanza alizunguka chumba kama anayetafuta jina lake, akatua kwenye chandarua usawa wa pua yangu. Nikaona tumbo lake linavyocheza. Akaja wa pili, wengine wakafuata. Nilimkumbatia Masanja katikati ya kitanda, nikamwambia tunacheza mchezo wa kuwa jiwe, jiwe halitikisiki. Alijitahidi jamani. Mtoto wa miaka ile alijitahidi kuwa jiwe, jasho linamtoka, macho yanafuata kila kinachotembea juu ya wavu. Nikawa najisemea watatoka, watatoka, huku nikibana mabega yake na mikono yangu. Nilichosahau ni miguu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooka mpaka wavu ukaubana, kidole kimegusa kitambaa, na kitambaa cha chandarua si ukuta. Hakulia. Alisema tu, kama anayenishtaki, "Dada, kaniuma."

Sikungoja kuitwa na yeyote. Nilimfunika shuka, nikaupiga teke mlango, nikatoka naye mbio. Baba alikuwa uani, uso umeshavimba upande mmoja, mwenge bado unafuka mkononi. Alimwangalia Masanja, akautupa mwenge kwenye mchanga, akamchukua mikononi mwangu na kukimbia kwa Jumanne. Nilisikia pikipiki inawaka, inazima, inawaka. Jumanne hakutania neno. Waliondoka, baba kamweka mtoto katikati yao, na vumbi lao likakaa hewani muda mrefu kwa sababu siku ile upepo ulikataa kuvuma.

Mama alibaki kasimama. Nilidhani atakaa chini alie, kwa hiyo nikaenda nimshike. Badala yake alijifunga kanga kichwani na usoni, akachukua panga na ule mti wa kuangulia mapapai, akaingia jikoni. Alianza kulivua paa. Alikata kamba, akavuta mafungu ya nyasi, yakashuka na masizi ya miaka, na nyigu waliobaki wakamshukia. Aliumwa mkononi, akaendelea. Aliumwa shingoni, akasema neno la Kinyamwezi ambalo siruhusiwi kuliandika, akaendelea. Nikasema mama toka, baba atakasirika, paa hatutapata jingine! Hata hakugeuka. "Akirudi na mwanangu, na akasirike." Nikasimama kidogo. Halafu nikajifunga shuka la Masanja kichwani nikaenda kuvuta upande wa pili. Kiota kilianguka karibu na mafiga, chepesi kama karatasi, mama akakikanyaga. Jua likaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, tukaona jinsi kuta zilivyokuwa nyeusi.

Walirudi alasiri. Tuliisikia pikipiki kabla ya kuiona, na mama hakwenda kuipokea, alishika tu ukuta. Jumanne ndiye aliyeanza kupiga kelele kutoka mbali: "Mzima! Mama Nyamizi, mzima, tena kanitapikia shati!" Masanja alikuwa kavimba, kalegea, amelala begani kwa baba, lakini kifua kilikuwa kimya. Baba alishuka. Aliangalia jiko lisilo na paa, akaangalia mikono ya mama ilivyofura. Tulingoja. Alimkabidhi mtoto, akaenda akakaa kwenye kigoda ndani ya lile jiko, juani kabisa, akasema, "Nipe chakula nile hapa." Hiyo ndiyo samahani pekee niliyowahi kumsikia baba akiitoa. Tulipika juani mpaka mvua zilipokuja, kisha tukapika chini ya turubai mpaka nyasi zikakomaa.

Sasa hivi naishi Tabora mjini, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimepanga chumba chenye dari. Wateja wakija kulalamika juu ya nyigu nawauzia dawa ya kopo, wanapuliza, wanafagia, mambo yamekwisha, na nawaonea wivu kwa jinsi wanavyolichukulia jambo hilo kirahisi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Masanja ni mrefu kuliko mimi, yuko kidato cha pili, bweni, hapahapa mjini. Kiangazi hiki nilisikia kwamba bweni lao lina nyigu kwenye dari. Sikulala. Asubuhi nilipanda bajaji mpaka getini, nikaomba kuonana na matroni, nikaanza kueleza kwa haraka mpaka nikaona anashindwa kunifuata. Zamani adui alikuwa juu ya jiko letu, na mama aliweza kulivua kwa mikono yake. Mimi nitalivua bweni la watu?

Masanja aliitwa. Alikuja na mwenzake mmoja, akaniona nilivyo, akajua kilichonileta. "Dada, tena? Unaniaibisha bwana."

"Nyigu wapo juu ya kitanda chako, Masanja."

"Nawaona. Nimeshahama kitanda, fundi anakuja kesho. Matroni anajua, nilimwambia siku ya kwanza, sindano yangu anayo yeye." Matroni akaitikia kwa kichwa, kumbe alikuwa anajaribu kuniambia hivyo muda wote. Yule mwenzake akasogea mbele kwa adabu. "Shikamoo dada. Mimi ndiye nalala jirani yake. Katufundisha wote. Akiumwa hatungoji, tunambeba."

Nikasema marahaba. Nikabaki na mikono yangu, sijui niiweke wapi. Masanja alinisindikiza mpaka kwenye bajaji, anatembea polepole kwa ajili yangu, kisha akageuka akarudi darasani, na mimi nikamwambia dereva twende.